Ubao Nyuma ya Mlango

Fundi alicheka nilipomwambia nautaka mlango. Arobaini ya mama ilikuwa imeshapita, nyumba yetu ya Tunduma imepata mnunuzi, na baba aliniambia nichague ninachotaka kabla haijabomolewa. Kulikuwa na kabati zuri la mninga, vyombo, na cherehani ambayo bado inashona. Mimi nikasema nataka mlango wa chumbani. Fundi akaugonga kwa vidole, akanionyesha walikopita mchwa, akasema dada, huu ni kuni sasa. Nikamwambia aung'oe hivyohivyo.

Alipouegemeza ukutani pale uani, upande wake wa ndani ukaona jua. Ulikuwa mweusi tititi, ila katikati weusi umepauka kwa kufutwafutwa. Nikainama nikaunusa. Betri za redio zilizopondwa, na muhogo mkavu. Basi mtu mzima mimi, mama wa watoto, mwenye ofisi yangu na heshima zangu, nikakaa kwenye vumbi. Fundi akadhani nalilia marehemu, akanipa pole. Haikuwa huzuni. Msiba nilishaulia kijijini Itaka, tulikomzika. Ilikuwa hofu, ileile ya zamani, imerudi na harufu yake.

Nyie wa rika langu mkikutana hamkosi hadithi za shule. Mchakamchaka, kubeba kuni za uji, mwalimu wa zamu na fimbo yake. Mimi hucheka mnapocheka, nimecheka miaka mingi tu. Ukweli ni kwamba sijawahi kukimbia mchakamchaka hata siku moja. Kengele ya shule niliisikia kwa mbali, ng'ambo ya barabara, kama unavyosikia muziki wa harusi ya jirani asiyekualika. Shule yangu mimi ilikuwa mlango huo.

Mama aliitwa Mama Elia mpaka anaingia kaburini. Elia alikuwa kaka yangu. Shule ilikuwa upande wa pili wa barabara kuu, ile inayokwenda mpakani, na kama unaijua Tunduma unayajua malori yake. Yanapanga foleni kuanzia forodhani kurudi nyuma mpaka macho yanachoka, yanasubiri karatasi, madereva wamelala chini ya matela, wanawake wanapita na chupa za chai. Watu huvuka kwa kupenya kati ya lori lililosimama na jingine lililosimama. Elia alipenya hivyo akitoka shule, na upande wa pili wa foleni kulikuwa na lori ambalo halikusimama.

Nilikuwa mdogo, sijaanza darasa la kwanza. Ninachokumbuka ni begi lake la shule. Mama aliingia nalo amelikumbatia, akalitundika kwenye msumari, na tangu siku hiyo sikukanyaga nje ya geti letu kuelekea barabarani. Baba alikuja kutoka Itaka, kwenye shamba lake la kahawa, akakaa msiba wote bila kusema kitu. Asubuhi ya siku ile ya ajali, kabla hajaondoka kwenda shambani, yeye ndiye aliyesema, mwache aende peke yake, huyu si mwanamume? Mtu aliyetamka neno kama hilo hana tena sauti ndani ya nyumba. Wakati wangu wa kuandikishwa ulipofika, mama akasema huyu haendi, nitamfundisha mwenyewe. Baba akatazama kikombe chake cha chai, akasema sawa, na kesho yake akarudi kwenye kahawa.

Mama hakuwa mbumbumbu. Kabla ya kuolewa alikuwa mwalimu wa kujitolea kulekule Itaka, na wapo watu wazima Mbozi nzima wanaojua kusoma kwa sababu yake. Aliomba majirani betri za redio zilizokwisha, akazipasua, akaponda ile nyeusi ya ndani pamoja na majani ya viazi, akaupaka mlango kwa upande wa chumbani. Chaki hakununua. Dukani wangemuuliza, Mama Elia, chaki za nini na mwanafunzi huna? Alitumia makopa, muhogo tunaoumenya na kuukausha juani, na kipande cha makopa kinaandika vizuri kuliko mnavyodhani. Vitabu vilikuwa vya Elia, vilevile vya kwenye begi. Alikuwa na tabia ya kuchora pembeni mwa kurasa, mipira na malori. Tukifika ukurasa wenye lori, mama aliufunika mchoro kwa kiganja, anasema soma chini ya mkono wangu. Nami nilisoma, macho yakiwa kwenye kiganja.

Niseme haki yake, maana nimeona watu wakimsema. Mama hakunipiga hata kofi. Niliuliza swali moja mpaka likaisha, hakuna mwenzangu wa kunizomea, hakuna kipindi cha kukatiza. Hesabu nilijifunzia kwenye mchele, kwa sababu mama aliuza mchele na maharage dirishani, nusu ya wateja ni wa kwetu na nusu wanatoka Nakonde, upande wa Zambia. Kwao saa iko nyuma ya kwetu kwa saa moja. Ndiyo maana mtu wa Tunduma ukimwambia tuonane saa nne, anakuuliza kwanza, saa nne ya wapi? Ukutani tulikuwa na saa ya kwetu, ya kwao mama alikuwa nayo kichwani kwa ajili ya wateja, na kutoa na kujumlisha nilianzia hapo. Simu ndizo zilikuwa hazijui ziko nchi gani. Mnara wa ng'ambo ukizidi nguvu, simu inajirudisha nyuma saa nzima bila kumuuliza mtu. Tulizoea, tukawa tunaichekea.

Lakini kulikuwa na mtendaji wa mtaa. Mtoto wa umri wa shule asipokwenda shule, mzazi anapelekwa mahakamani, na huyu mtendaji alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto. Habari zake zilitangulia kwa majirani. Mama akizisikia anatupa makopa chunguni, anafuta ubao kwa kanga, anafungua mlango wa chumbani mpaka unagusa ukuta ili weusi wote uangalie ukutani. Mimi natolewa kwa nyuma. Hayo yote tulifanya bila kuongea, na ukimya huo ndio ulionitisha kuliko mtendaji mwenyewe.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kichochoro, kichochoro kinatokea kwenye uwazi wenye bikoni, ile nguzo nyeupe ya kuonyesha mpaka, na ukipita bikoni uko Zambia. Wengine choo chao kiko mbali kuliko hapo. Mama mdogo alikuwa ameolewa ng'ambo hiyo, kwa Mnamwanga wa huko. Wanamwanga wapo pande zote mbili, mpaka uliwakuta. Sasa katika kichochoro kile sikuwa napita peke yangu. Nilipishana na watu wenye mabelo ya vitenge kichwani, mifuko ya sukari, madumu ya mafuta, wote wameinama, wote wanakimbia kimyakimya kama mimi. Nikifika, mama mdogo ananiingiza stoo, nyuma ya magunia, palepale yanapofichwa yale mabelo askari wanapopita. Nakaa kati ya vitenge na sukari mpaka niitwe.

Mtoto hana kazi nyingine ila kuunganisha vitu. Kinachofichwa ni magendo. Mimi nafichwa. Basi mimi ni magendo. Sikuwaza hivyo kwa mzaha. Nikajipangia na hadithi yenyewe: mama alipofiwa na mtoto wake wa halali, alikwenda ng'ambo akachukua mwingine, akampitisha kichochoroni bila karatasi. Nilimkumbuka Elia kwa macho yangu, ndiyo, nikiwa naye humohumo ndani kabla hajafa, lakini mtoto mwenye hofu hahitaji hesabu itoke sawa. Kwa nini basi watu wamwite Mama Elia, wasimwite Mama Debora, kwa jina langu? Kwa nini sina picha ya sare? Na mama mdogo, Mungu amsamehe kwa utani wake, siku moja alinisukuma nyuma ya magunia akacheka, akasema kaa kimya wewe, wakikukamata watakutaifisha.

Nilijua kutaifishwa ni nini. Vitu vilivyokamatwa vilirundikwa nyuma ya uzio wa forodhani, vinanyeshewa, vinapigwa jua mpaka vinaoza, na vingine vinachomwa moto. Nilikuwa nikiona moshi upande ule siwezi kula. Mama alidhani nina minyoo, akanipa dawa chungu.

Miaka ikapita hivyo, mimi narefuka na hofu inarefuka nami. Kisha siku moja mtendaji akaja bila habari kutangulia. Mama alikuwa ananiandikia mito ya Afrika. Tukasikia hodi, ileile nene, na mguu umeshaingia sebuleni. Kichochoro hakikuwezekana tena. Mama akaufungua mlango mpaka mwisho, mimi nikiwa nyuma yake. Nikabanwa kati ya ubao na ukuta, shavu limegandamana na Mto Kongo. Nikasikia kiti kinavutwa, na mama anakaribisha mgeni kwa sauti ya kanisani.

"Mama Elia, binti yuko wapi?"

"Yuko Itaka kwa baba yake."

"Anasoma?"

"Anasoma."

Unga wa muhogo ulikuwa unaniingia puani, nikahema kwa mdomo, nikamwomba Mungu anizuilie chafya. Nilitegemea kiti kigune, mlango uvutwe, nitolewe kwa mkono kama belo. Badala yake mtendaji akaongea taratibu, kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo.

"Mama Elia, siku ile barabarani nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemfunika mtoto. Sikulaumu, na ningetaka kuuvuta mlango huo ningekuwa nimeuvuta zamani. Ila nikuulize. Huyu binti anakua. Atataka chuo kama wenzake. Mtoto asiye na karatasi hata moja, utampitishia wapi?"

Kiti kikasogea, viatu vikatoka, geti likalia. Nilipojitokeza nilikuwa na mito ya Afrika shavuni, na nilikuwa nimejikojolea, msichana mkubwa, rika langu limeshamaliza darasa la saba. Sikuona aibu. Nilichosikia ni kimoja tu: sina karatasi. Malori yasiyo na karatasi hayavuki, yanakaa foleni mpaka mzigo unaoza. Sasa serikali yenyewe imesema.

"Mama," nikamwambia, "nirudishe tu kwetu Zambia. Nitakwenda mwenyewe, usije ukafungwa kwa ajili yangu."

Akaniuliza kwetu Zambia wapi. Nikamweleza yote, vitenge, magunia, uzio, moshi, Elia mtoto wa halali na mimi wa kupitishwa. Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kitanda, na katikati ya kicheko kikageuka, akalia kilio ambacho sikuwa nimekisikia tangu lile begi litundikwe. Akanivuta hivyohivyo na mkojo wangu.

"Nilikuzaa mimi," alisema. "Kwenye kitanda hiki, mvua inanyesha, baba yako anakimbia hovyo kutafuta mkunga. Huna kosa wewe. Mimi nilikuwa nakuficha lori lisikuone."

Ningependa kusema hofu iliishia hapo. Iligeuka tu. Kabla ya siku ile niliogopa watu, baada yake nikaanza kuogopa barabara, maana niliona wazi kumbe mama naye anaogopa, na mtoto akishagundua mzazi anaogopa hana tena pa kujificha.

Mama alimfuata mtendaji ofisini kwake, kwa miguu yake. Alirudi na habari kwamba upo mtihani wa maarifa, wa watu ambao hawakupitia madarasa ya sekondari kama wengine. Ukiufaulu unaruhusiwa kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ukiwa na cheti cha kidato cha nne chuo hakiwezi kukufukuza mlangoni. Nikaruka kwa furaha. Mama hakuruka. Kituo cha mtihani kilikuwa shule moja ya sekondari, na shule hiyo ilikuwa ng'ambo ya barabara, jirani na ile aliyosoma Elia.

Tukasoma. Mama alitangulia kurasa chache mbele yangu, mengine hakuyajua kabisa, akawa anajifunza leo anachonifundisha kesho. Kiingereza nilikipata kwa watoto wa mama mdogo, maana shule za ng'ambo wanasomea hicho, na hilo ndilo nililowazidi wengi baadaye. Sayansi ilikuwa kizaazaa. Kopo la maabara nililijua kwa picha, na kwa kuwa kitabu hakikusema ukubwa wake, nikaamini ni kama ndoo ya kuogea. Kubwa zaidi ya yote, sikuwahi kukosea mbele ya mtu asiyekuwa mama. Sikujua nina akili au sina. Mama alisema ninayo, lakini mama angesemaje?

Siku ya mtihani iliamka na mawingu ya mvua za kwanza, jua halionekani, kumepoa. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa betri siku hizo, na mama, kwa wasiwasi wake, alikumbuka kalamu, rula, soksi za ziada, asikumbuke betri. Tukatumia simu. Tulijipangia tutoke mapema, tufuate ukingo wa barabara mpaka kule njia panda anakosimama trafiki, tuvuke anapozuia magari. Ilikuwa mbali, lakini mama alisema vingine hatuvuki. Mama alinifunga vifungo vya koti kama mtoto mchanga, vidole vyake vya baridi.

Tulikwenda polepole, muda tunao. Foleni ilikuwa imejaa pande zote, malori yananguruma bila kusogea, matope yameanza. Mama alinishika mkono nao ukaniuma. Tulipofika usawa wa ile shule, mwanamke muuza chai aliyemfahamu mama akatuuliza tunakwenda wapi asubuhi hii. Mama akamwambia kwa fahari kidogo kwamba mtoto ana mtihani saa mbili. Yule mwanamke akaacha kumimina chai.

"Saa mbili ndiyo hii, Mama Elia."

Mama akatoa simu, akamwonyesha. Ilionyesha bado ni saa moja, tena kamili.

"Saa moja ya wapi?" akauliza yule mwanamke.

Mama akaitazama simu. Nami nikachungulia. Mnara ulioandikwa pale juu ulikuwa wa ng'ambo. Ilikuwa imejirudisha nyuma tukiwa tumelala, na sisi tuliozaliwa na kitu hicho, tuliokuwa tunakichekea kila wiki, siku ya siku hatukukitazama. Ukichelewa nusu saa mlango unafungwa, hilo tuliambiwa tangu tunajiandikisha. Njia panda ilikuwa mbali. Shule tuliiona pale, mabati yake yanaonekana juu ya matela.

Mama akanivuta mpaka ukingoni kabisa mwa lami. Kisha akasimama. Sikuhitaji kuuliza ni kwa nini amesimama. Ulikuwa upenyo uleule wa Elia, usawa wa shule, ambao watoto wote wa upande wetu hupenya. Harufu ya dizeli, joto la injini likinipiga mapajani, breki za upepo zinapumua pshii hapa na pshii pale. Nilimwona mama midomo inacheza.

"Debora, siwezi," alisema.

Nami sikuweza. Sikuwahi kuivuka ile barabara tangu nizaliwe, labda mgongoni. Kama angenivuta turudi nyumbani ningemshukuru, ningelia kidogo halafu ningemenya viazi, na maisha yangu yangekuwa yale: dirisha la mchele, mlango mweusi, na mtu akiuliza nimesoma wapi, mama ananijibia. Nilikuwa namtazama usoni nikisubiri anivute. Hakunivuta. Aliufungua mkono wake, nikaona alama za vidole vyake kwenye ngozi yangu, nyeupe.

"Lililosimama si lako," akaniambia. "Tazama lisilosimama."

Nikaingia kati ya lori na lori. Giza kidogo, grisi, tairi limenizidi urefu. Nikafika mwisho wa upenyo nikatoa kichwa. Kitu kikubwa kikapita mbele ya pua yangu na upepo wake, breki zikalia mahali, mtu akatukana. Sijui kwa Kibemba au Kiswahili. Nikatazama tena, nikatazama tena, nikakimbia. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Msimamizi alikuwa ameshika mlango wa darasa. Akanitazama matope, akatazama saa yake, ya kwetu, akasogea nikapita.

Mtihani wenyewe siukumbuki vizuri. Nakumbuka kengele ilipogonga, kwa mara ya kwanza maishani niko ndani ya shule inapogonga, nikashtuka nikasimama wima na darasa zima la watahiniwa likacheka. Hata msimamizi alicheka. Nikakaa nikaandika.

Nilifaulu, na wa kidato cha nne nikafaulu, si kwa kishindo lakini nilifaulu. Nikaenda chuo, kusomea mambo ya forodha, ndiyo kazi inayonilisha: natengenezea mizigo karatasi ili ipite. Mama alikuwa akilitaja hilo anacheka peke yake. Chuoni siku ya kuripoti waliniomba cheti cha kumaliza shule, nikaona uzio na moshi palepale mapokezi. Yule karani akasema basi, cha kidato cha nne kinatosha. Kumbe kwake lilikuwa jambo dogo. Mwaka wa kwanza nusura niache. Sikujua kuinua mkono, nilikuwa namjibu mkufunzi kama tuko wawili tu. Kazi za kikundi nilidhani ni kuibia. Kulala bwenini na pumzi za watu wengine kulinishinda kwa muda mrefu. Ila tukiambiwa nendeni mkasome wenyewe, wenzangu walikuwa wanahangaika na mimi nilikuwa nyumbani. Wanangu mimi nimewapeleka shule, na kila asubuhi wakitoka nasimama getini mpaka mume wangu aniambie inatosha, ingia ndani.

Lakini ninachotaka kuwaambia ni nilipotoka kwenye ule mtihani. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikakaza macho ng'ambo, upande wetu, nimtafute mama kati ya malori. Hakuwepo. Nikaanza kuogopa upya. Ndipo nikasikia jina langu karibu kabisa. Alikuwa amekaa chini, ameegemea uzio wa shule, upande huuhuu. Kanga imelowa, magoti yana matope, mguu mmoja hauna kandambili.

Nikamuuliza umevukaje.

"Nilisikia breki," alisema. "Halafu sikukuona ukitokea. Nikaja kukuokota."

Aliingia barabarani kuja kuokota mwili wangu. Hakukumbuka kutazama lililosimama wala lisilosimama, alikwenda tu, na mlinzi wa shule ndiye aliyemwambia bibi, binti yako ameingia ndani anaandika. Akakaa hapo chini tangu asubuhi. Hakuniuliza maswali yalikuwaje. Alinipapasa uso, mabega, mikono yote miwili. Kisha akatazama barabara, malori yake, mvua, na upande wa pili nyumbani kwetu, nikaona hofu imemrudia usoni yote, wala safari hii hakuificha.

"Sasa mimi nitarudije, Mama Debora?" akaniuliza.

Alikuwa ananitania, amenigeuza mama kwa jina langu mwenyewe, na meno yanagongana. Nikamwinua. Nikavua kiatu changu kimoja nikamvisha, kikambana lakini kikaingia. Tukasimama ukingoni mwa lami, akaniachia mkono wake nikaushika mimi kwa nguvu, akafumba macho, nami nikatazama lisilosimama.